FENI YA UMEME KATIKA MOTOKAA YA ZAMANI

Mwenye motokaa ya zamani apandaye kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru wakati wa adhuhuri aijua sana hofu ya kutazama mshale wa joto. Lori limemtangulia, mwendo ni wa polepole, na mshale wazidi kupanda. Asiposimama, maji yatachemka, na huenda gasketi ya silinda ikaungua, nayo ni hasara kubwa kwa mtu ambaye motokaa yake ndiyo riziki yake.

Kwa sababu hiyo wengi huuliza kama yafaa kufunga feni ya umeme. Jibu ni kwamba yafaa, ila kazi yenyewe ifanywe kwa utaratibu. Waya mmoja uliofungwa vibaya waweza kuteketeza motokaa nzima.

FAIDA YAKE

Katika motokaa nyingi za zamani feni huzungushwa na mkanda wa injini. Injini ikienda mbio, feni huenda mbio. Injini ikizunguka polepole, feni nayo hulegea. Lakini gari linapokwenda polepole au kusimama katika msongamano, hapo ndipo upepo wa safari hukosekana, na rejeta huhitaji msaada zaidi. Feni ya umeme haitegemei mwendo wa injini.

Nchi za juu zina taabu yake pia. Pwani maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi, bali Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, huchemka kwa digrii kama 94. Kifuniko cha rejeta huzuia mvuke usitoke, na kwa hivyo maji hayachemki upesi. Kifuniko kikilegea, kinga hiyo hupotea.

Feni isiyozunguka wakati wote si jambo geni. Peugeot 404, aina iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena miaka ya 1966, 1967 na 1968, ilitengenezwa ikiwa na feni iliyoshikwa kwa sumaku ya umeme maji yalipopata moto, na kuachwa yalipopoa.

KABLA YA KUNUNUA

Jambo la kwanza ni kuchunguza ugonjwa wenyewe. Feni haiponyi rejeta iliyoziba kwa kutu, wala kifuniko kibovu, wala thamostati iliyokwama, wala mpira unaovuja. Hayo yatengenezwe kwanza.

Jambo la pili ni kufanya hesabu ya umeme. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa katika motokaa nyingi za Uingereza za miaka ya 1960, hutoa ampea 22 tu, tena injini inapokwenda mbio. Taa mbili kubwa za wati 45 kila moja hula ampea saba na nusu. Ukiongeza taa ndogo, waipa na umeme wa plagi, zaidi ya nusu ya nguvu yote imekwisha. Feni moja yaweza kula ampea 15. Tena injini inaponguruma polepole dainamo haitoi karibu chochote, na feni hula betri. Basi mwenye dainamo achague feni ndogo ya kusaidia ile ya zamani, au abadili dainamo aweke altaneta.

Jambo la tatu ni kutazama ni ncha ipi ya betri iliyoungwa na bodi. Katika motokaa nyingi za Uingereza zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 ni ncha ya chanya. Fundi asiyejua hivyo ataizungusha feni kinyume.

KUUNGA WAYA

Kosa la wengi ni kuchukua umeme wa feni katika swichi ya ufunguo. Swichi hiyo na waya zake hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Hupata moto, na mwisho huungua. Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayofungwa na sumaku. Mkondo mdogo, usiofika ampea moja, huiamuru rilei, nayo rilei hupitisha mkondo mkubwa wa feni.

Kwanza ncha ya betri ifunguliwe. Kisha waya mnene wa milimita nne za mraba utoke katika betri, upite katika fyuzi ya ampea 30, uingie katika rilei kwenye namba 30. Fyuzi hiyo iwe karibu sana na betri, kwa maana waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Kutoka namba 87 waya mwingine kama huo uende kwenye feni, na waya wa pili wa feni ufungwe katika bodi mahali palipokwanguliwa rangi. Namba 86 ipate umeme kutoka kwenye ufunguo kwa fyuzi ndogo, na namba 85 iende katika swichi ya joto, ambayo huunganisha na bodi maji yanapopata moto.

Swichi hiyo ichaguliwe kwa akili. Ikiwa thamostati hufunguka kwa digrii 82, swichi iwashe feni kwa digrii kama 92 na kuizima kwa digrii kama 87. Ikiwekwa chini ya kipimo cha thamostati, feni haitapumzika kamwe.

KUJARIBU

Feni ikiwa nyuma ya rejeta yapasa ivute upepo kuelekea injini. Ikiwa mbele, isukume upande huo huo. Ifungwe kwa vyuma imara, wala si kwa kamba za plastiki zipitazo ndani ya rejeta, maana hizo huisugua mpaka ikatoboka. Mkanda usitupwe hata feni ya zamani ikiondolewa, kwa kuwa ndio uzungushao pampu ya maji na dainamo.

Hatimaye injini iachwe inguruma mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Wakati huo mikono ikae mbali, kwa sababu feni hii huanza bila taarifa. Wala kifuniko cha rejeta kisifunguliwe maji yakiwa moto.

Kazi hiyo yaweza kumalizika kwa siku moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.