Milima ya Gusii ni Darasa Tulilolisahau

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili, awe wa Nyamira au wa Ogembo, akutajie mlima mrefu kuliko yote barani Afrika. Atajibu bila kusita kwamba ni Kilimanjaro, na kwamba kilele chake cha Kibo kina urefu wa mita 5,895. Muulize juu ya Mlima Kenya, naye atakutajia Batian na mita zake 5,199. Kisha mwelekeze dirishani, umwonyeshe kilima kinachoitazama shule yake, umuulize kinaitwaje, kimejengwa kwa mwamba wa aina gani, na maji ya kijito kilicho chini yake hutoka wapi. Aghalabu atanyamaza. Kimya hicho hakitokani na uzembe wake. Hakuna aliyempeleka huko.

Hoja yangu leo, msomaji mpendwa, ni kwamba kupanda milima si anasa ya watalii wenye viatu vya bei ghali. Ni somo linalostahili kufundishwa kwa miguu, nyumbani kwetu, wanafunzi wakilala na kula katika boma za vijiji vilivyo chini ya milima hiyo. Tena ni somo la haraka, kwa kuwa mlima usiojulikana na watu wake hauna wa kuutetea siku utakapoanza kuliwa.

Hebu kwanza tuitazame milima yenyewe. Nchi ya Gusii, ambayo leo ni kaunti mbili za Kisii na Nyamira, ni nchi ya matuta na mabonde isiyojua tambarare. Nyamira imeinuka kutoka kiasi cha mita 1,250 juu ya usawa wa bahari hadi kiasi cha mita 2,100. Huko kuna Kiabonyoru, Nyabisimba, Nkoora, Kemasare na genge refu la Manga. Upande wa Kisii kuna Sameta, wenye mita 1,970, na vilima vya Kiamwasi, Kiong'anyo, Nyanchwa na Kiareni. Havifikii theluji wala haviui mtu kwa baridi. Lakini mtu aliyetoka bondeni alfajiri na kufika juu ya Manga kabla jua halijakuwa kali anajua kwamba magoti hayaulizi mlima una mita ngapi.

Niliwahi kuupanda ukingo huo nikiandamana na kundi la wanafunzi. Tulianza njiani pamoja na wachuma majani chai, tukapita kati ya migomba na mahindi, hata shamba likaisha ghafla na mwamba ukaanza. Tulipofika juu, mji wa Kisii ulikuwa umelala chini yetu, na mbali kule magharibi ulionekana mstari wa maji uliong'aa: Ziwa Viktoria. Binti mmoja, aliyezaliwa na kulelewa mwendo mfupi kutoka pale, aliuliza kama ile ilikuwa bahari. Wenzake walimcheka. Mimi sikucheka, kwani katika swali lake niliona jiografia nzima ikianza kufumbuka. Dakika chache baadaye ni yeye aliyekuwa akiwaeleza wenzake jinsi upepo wenye unyevu unavyotoka ziwani, ukagonga nchi hii ya juu, ukapanda na kupoa, na kutunyeshea mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka. Somo hilo alikuwa amelikariri darasani. Juu ya genge alilielewa.

Jiografia ndiyo kwanza. Kule chini Tabaka huchimbwa jiwe laini linalochongwa vinyago vinavyouzwa duniani kote, ilhali genge la Manga limesimama kwa sababu mwamba wake ni mgumu na mvua imeshindwa kuula. Mwalimu anayetaka kueleza tofauti ya miamba hana haja ya picha kitabuni. Na anayetaka kufundisha safari ya mto na awapeleke wanafunzi Kiabonyoru. Katika nyanda hizo za juu ndiko unakoanzia mto Gucha, unaokata nchi ya Gusii, ukashuka hadi Migori na hatimaye kumwaga maji yake ziwani. Kijito ambacho mtoto anaweza kukiruka kwa hatua moja ndicho kinachonywesha maelfu ya watu mbele ya safari.

Kisha kuna historia. Katika karne ya 19, siku za vita na uvamizi wa mifugo, watu wa Kitutu walijikusanya Manga kwa kuwa genge lilikuwa ngome yao. Adui aliyetoka chini alionekana kabla hajafika. Hapo hapo Manga kuna shimo liitwalo Ngoro ya Mwaga, ambalo wazee hawalitaji bila kushusha sauti, na kila mzee ana masimulizi yake juu yake. Mwanafunzi asomaye jinsi Otenyo, akihimizwa na Moraa, alivyomchoma mkuki mkuu wa wilaya Mwingereza Northcote mwaka 1908, huona majina tu. Akisimama juu ya tuta na kuona jinsi kila njia inavyopita kati ya vilima, atafahamu kwa nini nchi hii haikuwa rahisi kutwaliwa, na kwa nini watwaaji walikuja na bunduki nyingi.

Lakini kwa nini nasisitiza kijiji? Kwa nini basi la shule lisiwapeleke asubuhi na kuwarudisha jioni? Kwa sababu mlima bila watu wake ni jiwe tu. Kwa desturi, Wagusii hawajengi nyumba zilizosongamana mahali pamoja. Kila mlango huishi juu ya tuta lake, na mashamba hushuka kwa vipande virefu kutoka mgongoni mwa tuta hadi mtoni. Mgeni aliyelala huko usiku mbili atauona mpango huo kwa macho yake. Atakula obokima wa wimbi kwa chinsaga, ataamka kabla ya jogoo, na ataonyeshwa njia na mtu aliyeipita tangu utotoni. Wala wanafunzi wasiende kama watalii. Jadi yetu ina risaga, ule ushirika wa majirani wa kulimiana mashamba kwa zamu. Kundi linalolala kijijini lilipe kwa jasho: lipalilie shamba la mjane, au lichimbe mtaro wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua.

Wala jambo hili si geni kama wengine watakavyodhani. Zamani vijana wa Kigusii waliishi katika ebisarate, kambi za malishoni mbali na maboma ya wazazi wao, wakilinda ng'ombe na kufundishana ujasiri. Serikali ya kikoloni ilizivunja mwanzoni mwa karne ya 20. Sisemi turudishe mikuki. Nasema kwamba kumtoa kijana nyumbani, kumweka chini ya uangalizi wa wazee na kumfundisha kwa nchi yenyewe ni hekima tuliyokuwa nayo kabla ya ubao na chaki. Wengine walikuja kuona faida yake baadaye: mwaka 1952 ilianzishwa shule ya ukakamavu ya Loitokitok chini ya Kilimanjaro, na tangu mwaka 1966 Kenya imekuwa na mpango wa Tuzo ya Rais, ambao huwataka vijana wafunge safari za miguu. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa nije kwenye lililo zito. Milima hii inaliwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Katika Kisii ni kiasi cha watu 950 kwa kila kilomita moja ya mraba. Baba mwenye wana wanne na kipande kimoja cha ardhi hana pa kwenda ila juu. Jembe limepanda miteremko ambayo babu zetu waliiachia nyasi na mbuzi. Juu zaidi umepandwa mkaratusi, mti unaokua upesi na kulipa karo kwa nguzo na kuni, lakini ukiwekwa kwenye chemchemi hunywa maji bila huruma. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ikatwe. Hata hivyo, amri itokayo Nairobi haiwezi kulinda chemchemi ambayo hata mwanakijiji kijana hajui iliko.

Najua wapo watakaoniuliza: mkulima huyu ale mandhari? La hasha. Simlaumu anayelima mteremko kwa njaa, na sitaki mtu yeyote ahamishwe ili wanafunzi wapate pa kutembea. Ninalosema ni kwamba kijana aliyeipanda Kiabonyoru, akanywa maji ya chemchemi yake, atakapokuwa afisa wa kilimo, diwani au mkulima, atajua ni wapi pa kupanda mkaratusi na ni wapi pa kuacha mti wa kienyeji. Uingereza, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, waliupanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye mali. Watano walifungwa jela. Lakini fikra waliyoipanda iliota, na mwaka 1949 ikapitishwa sheria ya mbuga za taifa na njia za umma. Walioipenda milima hiyo kwa miguu yao ndio walioipatia sheria.

Enyi walimu wenzangu, hatuhitaji kungoja waraka wala fedha za wafadhili. Chagueni kilima kimoja kilicho karibu na shule. Kaeni kwanza na wazee wa kijiji na wenye mashamba, mwombe njia. Pateni idhini ya wazazi kwa maandishi. Ondokeni alfajiri na mteremke kabla ya adhuhuri, maana anga ya Gusii hubadilika mchana, na radi ya huku haina mzaha na aliyesimama kileleni. Kila kundi libebe daftari: liandike jina la kilima kwa Ekegusii na maana yake, idadi ya chemchemi zinazotiririka na zilizokauka, aina ya miti, na simulizi moja la mzee. Mwaka unaofuata kundi jingine lirudi pale pale na kulinganisha.

Nanyi wanafunzi, msingoje kutumwa. Daftari hizo zikihifadhiwa shuleni kwa miaka 10, Kisii na Nyamira zitakuwa na kumbukumbu ya milima yake iliyoandikwa na watoto wake wenyewe, na mtu atakayetaka kuibomoa au kuikausha atakuta pana mashahidi. Kilimanjaro kitabaki pale kilipo, na atakayejaliwa ataupanda siku moja. Aanze na Sameta.