Sanaa ya kubandika picha kwenye samani: Kwa nini karatasi hujikunja, na namna ya kuinusuru kazi yako

JUU ya kabati nyumbani kwetu pana sinia la mbao lisilotumiwa kwa lolote. Katikati yake imebandikwa picha ya nyanya yangu, na uso wake umejaa makunyanzi ambayo hakuwa nayo siku alipopigwa picha hiyo. Nilikuwa nimedhamiria kumpa mama zawadi. Niliibandika picha hiyo, ambayo ndiyo pekee tuliyokuwa nayo, kwa gundi nyeupe ya maseremala, nikaipaka gundi nyingine juu, kisha nikalianika sinia juani ili likauke upesi. Kufikia jioni picha ilikuwa imefura kama chapati iliyo motoni. Nilipojaribu kuibandua, ilichanika.

Makala haya yananuia kumwepushia msomaji hasara ya aina hiyo. Kubandika picha za karatasi kwenye sinia, kigoda, kasha, chupa au fremu ya kioo ni kazi inayoweza kufanyiwa nyumbani kwa vifaa vichache: mkasi, brashi, gundi, msasa na vanishi. Hata hivyo, wengi huiacha baada ya jaribio la kwanza kwa kudhani kwamba hawana kipaji. Ukweli ni kuwa takriban kila kasoro inayotokea katika kazi hii ina sababu inayoeleweka, na aghalabu sababu hiyo ni maji yasiyopewa muda wa kukauka.

Asili ya sanaa hii

Sanaa hii huitwa dekupaji, jina linalotokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukata. Katika karne ya 18, matajiri wa Ulaya walikuwa wakipapia samani za laka kutoka Uchina na Japani, ambazo bei yake ilikuwa ghali mno. Mafundi wa mji wa Venice, Italia, wakabuni njia ya kuziiga. Walikata picha zilizochapishwa, wakazitia rangi, wakazibandika kwenye makabati na meza, kisha wakazifunika kwa vanishi tabaka baada ya tabaka hadi ukingo wa karatasi usihisike tena kwa kidole. Waitaliano waliiita laka ya maskini.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza. Kazi ya mafundi hao ilipendeza kwa sababu walikuwa na subira. Wapo wafuasi wa sanaa hii ambao hadi leo hupaka tabaka 30 au zaidi. Kazi ya kawaida ya nyumbani haihitaji tabaka nyingi hivyo, lakini kanuni ni ile ile: tabaka jembamba, likauke, kisha jingine.

Maji yanavyoifanya karatasi

Karatasi imetengenezwa kwa nyuzi za mimea. Nyuzi hizo zinapolowa hunenepa, nayo karatasi hutanuka, tena hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Inapokauka husinyaa. Gundi nyeupe ina maji mengi, kwa hiyo kila unapoipaka unailowesha karatasi, upende usipende.

Sasa tafakari kinachotokea unapoweka karatasi kavu juu ya gundi mbichi na kuikandamiza papo hapo. Kingo zake hushika. Dakika moja au mbili baadaye karatasi inaanza kutanuka, lakini haina mahali pa kwenda kwa kuwa pembeni imeshikwa. Inajiinua katikati na kufanya mikunjo. Ukiianika juani, gundi ya juu hukauka mwanzo na kufanya ngozi inayofungia unyevu chini. Hilo ndilo kosa nililolifanya.

Dawa yake ni kuiacha karatasi itanuke kabla ya kuibandika. Kwa karatasi nzito, kama ile ya kalenda au ya kufungia zawadi, pangusa upande wa nyuma kwa sponji yenye unyevu kiasi, kisha ngoja dakika mbili au tatu. Paka gundi kwenye mbao na pia nyuma ya karatasi, ukihakikisha kingo zote zimefikiwa. Iweke taratibu, uanzie katikati ukisukuma hewa na gundi ya ziada kuelekea pembeni kwa kidole au kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Gundi ikiwa nzito mno, ichanganye na maji kwa kipimo cha sehemu tatu za gundi kwa sehemu moja ya maji.

Kabla ya kufungua mkebe wa gundi

Kwanza, usiibandike kamwe picha ambayo huna nyingine. Picha za zamani za studio zina utando laini wa jelatini ambao hulainika ukilowa, na ukishashikana na gundi hautenganishwi tena. Toa nakala ya picha hiyo, uihifadhi ile ya asili, ubandike nakala.

Pili, zingatia mashine iliyotoa nakala. Mashine kubwa za fotokopi na printa zinazotumia wino wa poda huuyeyusha wino huo na kuugandisha kwenye karatasi kwa joto, hivyo hautapakai kwa maji. Printa nyingi ndogo za nyumbani hutumia wino wa majimaji, na gundi ikiugusa hutiririka. Chukua kipande kidogo cha nakala, ukisugue kwa pamba iliyolowa. Pamba ikipata rangi, usiibandike nakala hiyo kabla ya kuipulizia vanishi ya mkebe pande zote mbili na kuiacha ikauke.

Tatu, mulika karatasi kwenye mwangaza. Kurasa za magazeti na majarida huchapishwa pande mbili, na zikilowa, maandishi ya nyuma hujitokeza mbele. Paka nyuma rangi nyepesi nyeupe ya maji, uiache ikauke. Fahamu pia kwamba karatasi ya gazeti hugeuka manjano kadiri inavyopigwa na mwanga. Anayetaka kazi idumu na atumie nakala iliyotolewa kwenye karatasi nzuri.

Nne, safisha kile unachokipamba. Gundi haishiki kwenye mafuta, nta wala kutu. Mbao isuguliwe kwa msasa na kupanguswa vumbi. Kioo kipanguswe kwa spiriti, kisha kisiguswe kwa vidole. Bati litolewe kutu, lioshwe kwa sabuni, likaushwe na kupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu.

Tahadhari kuhusu samani kuukuu: rangi ya zamani huenda ikawa na madini ya risasi. Ukiisugua kwa msasa mkavu, vumbi lake huenea nyumbani na kuingia mwilini kwa pumzi au kwa mikono, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ikiwa hujui umri wa rangi, usiisugue. Tafuta kifaa kingine cha kupamba.

Kukata

Tumia mkasi mdogo wenye ncha kali. Mkono wenye mkasi na utulie. Karatasi ndiyo izungushwe. Kata sehemu za ndani kwanza, ungali una karatasi pana ya kushika, kisha umalizie nje. Asiyejiamini na akumbuke Mwingereza Mary Delany. Alianza kutengeneza picha za maua kwa vipande vya karatasi akiwa na umri wa miaka 72, na hadi macho yalipomfifia alikuwa amekamilisha karibu picha 1,000, ambazo leo ziko katika jumba la makumbusho la British Museum jijini London.

Savieti zina taratibu zake

Wengi hupenda kutumia savieti, zile karatasi laini za kupangusia mikono mezani, kwa sababu zina michoro ya kuvutia na bei nafuu. Savieti moja huwa na tabaka mbili au tatu. Tenga tabaka la juu lenye mchoro na ulitumie hilo pekee. Ukisahau, tabaka za chini hubaki bila gundi na mchoro hubanduka.

Tabaka hilo ni jembamba kiasi cha kuonyesha kilicho chini yake. Ukilibandika juu ya mbao nyeusi, maua yatapotea. Paka mbao rangi nyeupe au ya maziwa kwanza. Isitoshe, savieti ikilowa huchanika kwa mguso mdogo, basi usiisugue kwa brashi. Kwenye mbao bapa ipo njia nyepesi: paka gundi, iache ikauke kabisa, tandaza savieti juu yake, funika kwa karatasi ya kuokea keki, kisha pitisha pasi ya joto la wastani isiyo na mvuke. Gundi hulainika kwa joto na kuinasa savieti bila tone la maji.

Kasoro na tiba zake

Malengelenge. Gundi ikiwa bado mbichi, sukuma hewa kwa kidole kuelekea ukingo ulio karibu. Ikiwa imekauka, usibandue. Pasua lengelenge kwa wembe, ukifuata mstari wa mchoro ili kovu lisionekane. Ingiza gundi kidogo kwa kijiti cha meno au kwa bomba la sindano, kandamiza, na upanguse inayotoka. Weka karatasi ya kuokea juu yake, kisha kitu kizito, hadi kesho yake.

Mikunjo iliyokwisha kukauka. Mikunjo midogo husawazishwa kwa msasa laini, namba 400, lakini baada tu ya karatasi kufunikwa kwa tabaka kadhaa za vanishi. Ukisugua mapema utaondoa wino na kubakiza doa jeupe. Mkunjo mkubwa ufunikwe kwa kipande kingine cha picha, kama vile jani au ua. Mtazamaji hatajua.

Kingo zinazoinuka. Chanzo ni gundi haba pembeni au mbao yenye mafuta. Ingiza gundi chini ya ukingo kwa brashi nyembamba, ukandamize hadi ishike.

Utando mweupe kama maziwa. Gundi nyeupe hugeuka angavu inapokauka, hivyo weupe uliobaki ni dalili kwamba bado kuna unyevu. Usiongeze tabaka. Weka kazi mahali pakavu penye hewa kwa siku kadhaa. Weupe ukitokea baada ya kupaka vanishi, ina maana kwamba ulifungia maji chini yake. Wakati mwingine hujiondokea wenyewe. Usipoondoka, itabidi vanishi iondolewe kwa msasa na kazi irudiwe.

Kunata. Sinia limekauka, lakini ukiliwekea kitabu linakishika. Gundi nyeupe iliyoachwa bila vanishi huendelea kunata, hususan penye hewa ya unyevunyevu. Wakazi wa Mombasa, Lamu na Malindi wanaijua hali hiyo wakati wa masika, nao wa Nairobi huiona katika baridi ya Julai. Tiba ni kungoja, kisha kuifunika gundi kwa vanishi. Ukavu wa kugusa si ukavu wa ndani. Gundi inaweza kukauka juu kwa nusu saa, ilhali kazi nzima ikahitaji majuma manne ili kukomaa.

Vanishi na matumizi

Gundi nyeupe si kinga. Ikilowa hulainika, na kikombe cha chai moto kikiwekwa juu yake huacha duara. Sinia linalokusudiwa kutumiwa lazima lipakwe vanishi ngumu, kama ile ya poliyurethani, tabaka tano au sita jembamba. Vanishi ya maji hukauka kwa saa chache na haibadilishi rangi ya picha. Ile ya mafuta ni imara, lakini huhitaji kulala usiku mzima baina ya tabaka na huipa picha rangi ya manjano kadiri miaka inavyopita. Baada ya tabaka la tatu, sugua kidogo kwa msasa laini, upanguse, kisha uendelee.

Vanishi ya mafuta ina mvuke unaowaka na unaodhuru mapafu. Ipakie nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko, kibatari na watoto. Aidha, usipambe kwa njia hii upande wa sahani au bakuli unaoguswa na chakula. Sahani ya kioo hupambwa chini yake, picha ikitazama juu, nayo haitumbukizwi ndani ya maji bali hupanguswa kwa kitambaa. Kinara cha mshumaa nacho kisibandikwe karatasi karibu na mwali.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mmoja: chukua kipande cha mbao kisicho na thamani na picha ya kalenda ya mwaka jana, ukosee hapo kwanza. Malengelenge yatakayokutokea yatakufundisha namna ya kuyaepuka siku utakapokishika kitu chenye thamani kwako.

Kuhusu lile sinia letu, mama alikataa nilitupe. Alivikusanya vile vipande vilivyochanika, akavirudisha mahali pake kwa gundi, akaniamuru nipake vanishi juu yake. Nilipaka tabaka sita. Kila tabaka nililiacha likauke hadi asubuhi.