Umeme wa Jua katika Soko la Kitonyoni

Wenzangu wengi hudhani kwamba kazi ya chuo kikuu ni kutoa digrii tu. Nataka kueleza kwa ufupi habari za jirani zetu wa Kenya, ili tuone jinsi elimu ya chuo na nguvu za wanakijiji zinavyoweza kusaidiana.

Kitonyoni ni soko dogo katika Makueni, nchi ya Wakamba, ambako nyaya za umeme wa serikali zilikuwa hazijafika. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakishirikiana na wenyeji, walijenga hapo mtambo wa umeme wa jua wenye nguvu ya kilowati 13.5.

Mtambo huo ulitengenezwa hivi. Paneli za sola zilipangwa juu, zikawa kama paa la banda. Jua likiwaka, paneli hugeuza nuru yake kuwa umeme. Umeme huo huwekwa katika betri, kisha hupelekwa kwa nyaya mpaka madukani, shuleni na zahanati, hata usiku. Tena paa lile lile hukinga maji ya mvua. Katika nchi kavu kama ile, hiyo si faida ndogo.

Sasa tupige hesabu. Kilowati 13.5 ni wati 13,500. Taa ndogo ya siku hizi hula wati 10 hivi. Basi jua likiwa kali, nguvu hiyo yatosha taa 1,350. Lakini jiko la umeme laweza kula wati 2,000: majiko 6 yakiwashwa pamoja, karibu nguvu yote imekwisha! Ndiyo maana umeme wa namna hii wafaa kwa taa, simu na friji ya dawa, lakini chungu bado chategemea kuni.

Kilichonipendeza zaidi ni ushirika. Wanakijiji waliunda chama, wakalipa viingilio na kununua hisa, na umeme ukauzwa ili fedha zitunze mtambo. Jambo hili ni kubwa, kwa maana betri huchoka baada ya miaka kadhaa, na bei yake ni ghali. Sote tumeona pampu ya maji iliyopokewa kwa ngoma na hotuba, kisha ikashika kutu kwa kukosa kipuri kimoja, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukinunua.

Baadaye mradi huo ulifika hata huku kwetu Uganda magharibi, katika Kyamugarura na Kanyegaramire.

Basi, ndugu zangu mtakaosoma uinjinia Makerere na kwingineko, msingoje wageni. Chuo chajua vipimo vya waya na betri. Kijiji chajua mavuno huuzwa mwezi gani, nani aweza kulipa, na nani aaminiwe na ufunguo wa sanduku la fedha. Kimoja kikikosekana, taa zitazimika.