Utando wa Kijani Majini Una Majina Mengi

Mwenye shamba la skimu upande wa Kimulot aliye na lambo la kunyweshea ng'ombe huenda amekwisha kuona jambo hili. Mvua ikipungua na maji yakatulia, juu yake hutanda rangi ya kijani, au kijani iliyochanganyika na buluu, kana kwamba mtu amemwaga rangi ya kupakia mabati. Wengine husema ni uchafu tu. Huusukuma kando kwa fimbo, wakawaacha ng'ombe wanywe. Yafaa basi tueleze utando huo ni kitu gani, na kwa nini wako watu wanaozunguka maziwa, chemchemi na matope ya Afrika Mashariki wakiutafuta na kuupa majina.

Utando huo mara nyingi ni vijidudu vilivyo hai. Wataalamu huviita sainobakteria. Vitabu vya zamani viliviita mwani wa buluu-kijani. Ni jamaa ya bakteria, lakini hujipatia chakula kwa mwanga wa jua kama lifanyavyo jani la chai. Ni vya kale kuliko miti na nyasi zote. Oksijeni tunayovuta ilianza kuenea hewani kwa kazi yake, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Huishi katika maji baridi, maji ya magadi, maji ya moto ya chemchemi, juu ya mawe, katika magome ya miti na udongoni. Viko vingine, kama vile Nostoc, ambavyo hukamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Lakini mkulima wa chai asifurahi upesi. Vijidudu hivi havipendi udongo mchachu, na chai yataka udongo huo huo. Usiache kununua gunia lako la mbolea kwa kuvitegemea.

Je, kijidudu kipya hugunduliwaje? Mfano mzuri hauko mbali. Mtu akipanda gari Kericho asubuhi, kabla ya adhuhuri amefika Ziwa Nakuru. Maji yake ni ya magadi, hayafai kumwagilia shamba, na hata hivyo yamejaa viumbe. Mwaka 2012 mtaalamu Pawan Dadheech na wenzake, miongoni mwao Kiplagat Kotut wa Kenya na Lothar Krienitz wa Ujerumani, walitangaza kijidudu kutoka ziwa hilo ambacho hakikuwa na jina mahali popote duniani. Wakakiita Haloleptolyngbya alcalis. Jina ni refu kuliko chenyewe, maana kijidudu hiki ni uzi mwembamba ambao mia kadhaa yake zikilazwa ubavu kwa ubavu hujaza milimeta moja tu. Lakini kila kipande cha jina kina maana: halo ni chumvi, lepto ni wembamba, Lyngbye alikuwa mtaalamu wa mimea wa Denmark, na alcalis yataja magadi.

Majina ni mawili, kama tulivyo sisi. Ukikutana na Mkipsigis usiyemjua, hutosheki na jina lake. Utamwuliza na ukoo wake, oret, ndipo umfahamu. Neno la kwanza katika jina la kijidudu ni ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Na hiki cha Nakuru ilibidi kianzishiwe hata ukoo, kwa kuwa hakikuwa na kwao.

Kazi yenyewe ni ya subira. Maji huchotwa, na mahali, siku, joto na uchachu wake huandikwa. Kisha tone moja huwekwa chini ya hadubini, yaani kioo kikuzacho vitu vidogo. Katika tone hilo huwamo vijidudu vya kila namna vimechanganyikana, kwa hiyo mtaalamu hana budi kuutenga uzi mmoja, kuuosha, na kuukuza peke yake katika chupa chini ya taa kwa majuma mengi, kama mkulima anayetunza mche katika kitalu. Ndipo hupima unene wake na kutazama umbo la ncha yake. Zamani kazi iliishia hapo. Siku hizi husoma pia chembe za urithi zilizo ndani yake na kuzilinganisha na za vingine vilivyokwisha kujulikana. Hapo ndipo mambo hugeuka: nyuzi mbili zinazofanana kwa macho kama mapacha huonekana si ndugu kabisa. Mwisho maelezo huchapishwa, na kielelezo huhifadhiwa ili mwingine aweze kuhakikisha. Hadi mwisho wa 2011 ilikuwa sharti maelezo ya namna hii yaandikwe kwa Kilatini. Tangu Januari 1, 2012, Kiingereza pia chakubaliwa.

Hata majina ya zamani hubadilika. Chakula kikubwa cha ndege flamingo wa Nakuru na Bogoria, ambacho wauzaji wa madukani hukiita spirulina, kwa miaka mingi wataalamu walikiita Arthrospira fusiformis. Mwaka 2019 kilihamishiwa ukoo mpya, Limnospira. Flamingo hawakujali.

Lakini mwenye ng'ombe ana sababu ya kujali majina haya, kwa sababu kijidudu kimoja ni chakula na jirani yake ni sumu. Mwaka 2003 Krienitz na wenzake waliandika kwamba utando wa chemchemi za moto kando ya Ziwa Bogoria ulikuwa na sumu za ini na za mishipa ya fahamu, na sumu hizo zilikutwa pia matumboni mwa flamingo waliokufa. Habari ya mifugo ni ya zamani zaidi: mwaka 1878 George Francis wa Australia alieleza jinsi kondoo, farasi na ng'ombe walivyokufa baada ya kunywa maji yenye utando wa Ziwa Alexandrina.

Jambo hili linatugusa sisi wa milimani pia. Mito ya nchi ya chai, kama Itare na Kipsonoi, huishia katika Mto Sondu, na Sondu huingia Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Mbolea na samadi inayochukuliwa na mvua hushuka huko, na vijidudu hivi hunenepa kwa fosfati na naitrojeni, pamoja na maji machafu ya miji. Mwaka 2022 karibu na mdomo wa Mto Nyando ilipatikana Cylindrospermopsis kwa wingi, zaidi ya chembe 6,000 katika mililita moja. Upande wa Homa Bay walikuwapo Microcystis na Dolichospermum, na dalili za sumu ya namna nyingine. Ghuba ni moja, lakini hatari ni mbali mbali. Ndiyo maana haitoshi kusema tu kwamba maji ni ya kijani.

Katika lambo lako unaweza kujaribu hivi. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, uchovye kijiti katika utando. Kikitoka na nyuzi ndefu zinazoning'inia kama nywele, hiyo ni aina nyingine ya mwani, na kwa kawaida haina sumu. Kikitoka kimepakwa rangi, shuku sainobakteria. Jaribio hili halikuambii jina wala kama sumu imo, kwa hiyo ukishuku, zuia ng'ombe na watoto, uwape maji ya mahali pengine. Usitegemee kuyachemsha, kwani moto wa jikoni hauondoi sumu hiyo. Acha ukanda wa nyasi kando ya kijito, wala usitie mbolea wakati wingu zito limekwisha funga.

Ng'ombe akitetemeka au akianguka muda mfupi baada ya kunywa, mwite Bwana Mifugo bila kukawia. Chota maji hayo katika chupa safi isiyojaa, uiweke penye kivuli na baridi, na uandike juu yake jina la mahali, siku na saa, kisha umpe siku hiyo hiyo.