Usalama wa Mgodi Huanza Kabla ya Kushuka Shimoni

Mnamo Desemba 2021, mgodi wa dhahabu wa Abimbo, eneo la Bondo katika Kaunti ya Siaya, uliporomoka wachimbaji wakiwa ndani. Ajali kama hizo huonekana za ghafla, lakini mara nyingi shimo hutoa dalili mapema: udongo unaodondoka, ufa mpya ukutani, nguzo iliyopinda au maji yanayopenya.

Kwa hivyo, zamu inayotoka inafaa kuieleza inayoingia yale iliyoyaona. Jina la kila anayeshuka liandikwe na kukatwa anapopanda, ili idadi ya walio chini ijulikane. Jiwe lililoanguka bila kumjeruhi mtu liandikwe pia, kwa kuwa hilo ni onyo.

Hatari isiyoonekana

Pampu ya petroli iliyo juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kirefu, ndiyo maana baadhi ya wachimbaji huiteremsha shimoni. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua haraka pasipo na hewa ya kutosha. Njia salama ni kutumia pampu ya umeme inayozama majini, jenereta ikibaki juu, mbali na mdomo wa shimo. Mwenzako akizirai chini, usimfuate bila vifaa vya kupumulia. Wengi hufa wakijaribu kuokoa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake kuhusu hatari kubwa, na hapaswi kurudishwa mahali hapo kabla ya hatari kuondolewa. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama. Kifo kikitokea, afisa wa usalama na afya kazini wa eneo aarifiwe ndani ya saa 24.

Mgao wa anayesema

Kwa mchimbaji anayelipwa kwa mgao wa mawe, kusimamisha kazi ni kupoteza riziki ya siku. Vikundi vinahimizwa kukubaliana mapema kwamba anayetoa onyo hatakatwa mgao wake, hata shimo likikaguliwa na kupatikana kuwa salama. Akiadhibiwa leo, kesho atanyamaza.

Wakati wa dharura, piga simu 999 au 112.