Truman na Pwani ya Kisimayu: Uamuzi wa 1949 na Nafasi ya Wabajuni

Utangulizi

Katika vitabu vya historia vinavyosomwa shuleni na vyuoni katika Afrika ya Mashariki, Harry S. Truman, rais wa 33 wa Marekani, hutajwa kwa mambo machache: mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki Agosti 1945, Mpango wa Marshall, kuundwa kwa NATO, na vita vya Korea. Makala haya yanaeleza jambo jingine ambalo ni nadra kuhusishwa na jina lake: mchango wa serikali yake katika kuirejesha Italia kuwa mtawala wa Somalia, na maana ya tendo hilo kwa Wabajuni wa Kisimayu na wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Hoja yetu ni kwamba uamuzi ule ulipimwa kwa mizani ya siasa za Roma zaidi kuliko mahitaji ya watu wa Kisimayu. Matokeo yake ni kwamba jamii hii ya Waswahili iliingizwa katika dola mpya bila jina lake kuonekana katika hati zilizoiandaa dola hiyo.

Njia ya Truman hadi Ikulu

Truman alizaliwa tarehe 8 Mei 1884 katika mji mdogo wa Lamar, jimbo la Missouri. Alilima shamba la familia, akapigana Ufaransa mwaka 1918 akiwa nahodha wa kikosi cha mizinga, na aliporudi akafungua duka la nguo za kiume mjini Kansas City, ambalo halikudumu. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Siasa alizianzia katika utawala wa wilaya ya Jackson, akaingia Seneti mwaka 1935, akawa Makamu wa Rais Januari 1945. Siku 82 baadaye, tarehe 12 Aprili, Franklin Roosevelt alifariki.

Katika siku hizo 82 Roosevelt hakumshirikisha kwa kina katika mambo ya nje. Hata habari kamili za bomu la atomiki alizipata baada ya kuapishwa. Kwa hiyo katika masuala ambayo hayakuwa moto mezani pake, Truman aliwategemea sana mawaziri wake wa mambo ya nje: James Byrnes, kisha George Marshall, kisha Dean Acheson. Suala la makoloni ya Italia lilikuwa mojawapo ya hayo. Mtafiti anayetafuta sauti ya Truman mwenyewe kuhusu Somalia ataambulia kidogo. Atakachokipata kwa wingi ni sauti ya wizara.

Urithi uliomfikia

Mpaka uliowagawa Wabajuni ulikuwapo kabla yake. Kisimayu ilikuwa miongoni mwa miliki za Sultani wa Zanzibar katika pwani hii, ikaingia mikononi mwa Waingereza, na jimbo la Jubaland likaunganishwa na Kenya. Kwa mkataba wa Julai 1924 Uingereza ililikabidhi jimbo hilo kwa Italia, ikiwa ni malipo ya ahadi iliyotolewa mwaka 1915 ili Italia iingie vitani. Makabidhiano yalifanyika 1925, na mwaka uliofuata jimbo likaunganishwa na Somalia ya Italia. Hivyo Kiunga na Faza zikabaki Kenya, na Koyama, Chovai na Chula zikawa upande wa pili, ingawa watu ni wamoja kwa nasaba, kwa uvuvi na kwa lahaja ya Kibajuni, ambayo wengine huiita Kitikuu.

Februari 1941 majeshi ya Uingereza yaliikamata Kisimayu, na kwa miaka tisa nchi ikawa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Kwa muda huo pande zote mbili za mpaka zilikuwa tena chini ya bendera moja. Kama kuna wakati ambapo mpaka wa 1925 ungeweza kufikiriwa upya kwa amani, basi ni huo.

Kutoka Potsdam hadi kura ya Novemba 1949

Katika mkutano wa Potsdam, Julai 1945, Wasovieti walilileta mezani suala la makoloni ya Italia. Marekani haikutaka kubeba dhamana ya koloni lolote. Septemba mwaka huo, huko London, Byrnes alipendekeza dhamana ya pamoja chini ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1946 Waziri Ernest Bevin wa Uingereza akaja na wazo lake la kuziweka nchi za Wasomali pamoja chini ya dhamana moja, wazo lililotiliwa shaka na wenzake kuwa ni hila ya kupanua himaya. Mkataba wa amani wa Februari 1947 uliivua Italia makoloni yake, lakini haukusema yaende kwa nani; mataifa manne makubwa yalipewa mwaka mmoja wa kukubaliana tangu mkataba uanze kutumika.

Tume ya mataifa hayo ilifika Mogadishu Januari 1948 kuwasikiliza wenyeji. Tarehe 11 mwezi huo, maandamano ya Umoja wa Vijana wa Somalia (SYL) na ya wale walioiunga mkono Italia yaligeuka ghasia, na Waitalia zaidi ya 50 wakauawa. SYL ilikuwa ikidai dhamana ya miaka kumi chini ya mataifa manne, na ilipinga kurudi kwa Italia. Hakuna aliyeweza kusema kwamba maoni hayo hayakusikika.

Ila mwaka huohuo Italia ilikuwa na uchaguzi. Washington iliogopa kwamba Wakomunisti wangeshinda tarehe 18 Aprili 1948, na serikali ya Alcide De Gasperi ilihitaji kuwaonyesha wapiga kura kwamba urafiki na nchi za Magharibi una faida. Wasovieti nao walitangaza kuunga mkono kurudi kwa Italia, wakiwavuta wapiga kura walewale. De Gasperi alishinda; mwaka uliofuata Italia ikawa mwanachama mwanzilishi wa NATO. Katika hesabu hiyo, Somalia ilikuwa zawadi ya bei nafuu. Eritrea haikuwa hivyo, kwa sababu Marekani ilikuwa na kituo cha mawasiliano ya redio huko Asmara na ilitaka kukilinda. Libya nayo ilikuwa na viwanja vya ndege. Kisimayu haikuwa na kitu ambacho Marekani ilikihitaji wakati ule, na kwa maoni yetu hilo ndilo lililorahisisha kuitoa.

Mpango wa Bevin na Waziri Carlo Sforza wa Italia, uliotaka Somalia iwe chini ya Italia, uliangushwa katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Mei 1949. Tarehe 21 Novemba 1949 Azimio 289 lilipita kwa kura 48 dhidi ya moja, ya Ethiopia, na nchi 9 zikajizuia. Italia ingeitawala Somalia kwa miaka kumi, ikisaidiwa na baraza la ushauri la Kolombia, Misri na Ufilipino, kisha nchi iwe huru. Waitalia walipokea madaraka Aprili 1950.

Haki itendeke kwa Truman na wizara yake. Muda wa miaka kumi ulikuwa ahadi yenye tarehe, jambo ambalo Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuwa nalo mwaka 1949. Somalia ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1960, kabla ya majirani hao wote watatu.

Wabajuni katika utaratibu mpya

Azimio lilizungumzia wakazi wa nchi kwa ujumla. Utaratibu wa uwakilishi uliofuata ulikuwa mahususi zaidi: bunge la 1956 lilikuwa na viti 70, ambapo 60 vilikuwa vya Wasomali na 10 vilitengwa kwa Waitalia, Waarabu, Wahindi na Wapakistani. Mbajuni hakuwamo katika orodha ya walio wachache. Mfanyabiashara mgeni aliyeishi Mogadishu alitengewa mahali pa kuketi, na mvuvi aliyezaliwa Chovai, ambaye mababu zake wamezikwa huko, hakutengewa.

Baada ya uhuru, dai la Mogadishu juu ya eneo la kaskazini mwa Kenya lilizaa vita vya mashifta katika miaka ya 1960. Vijiji vingi vya Wabajuni upande wa Kenya, katika bara lililo mbele ya Lamu na Kiunga, vilihamwa, na watu wakakimbilia visiwani. Kosa hilo hatulitwiki Truman. Tunasema tu kwamba nafasi ya kuutazama mpaka ule, iliyokuwapo kati ya 1941 na 1949, ilipita bila kutumika.

Bandari

Kumbukumbu inayoonekana kwa macho ni bandari. Katika hotuba ya kuapishwa kwake tarehe 20 Januari 1949, Truman alitaja, katika nukta ya nne, msaada wa kiufundi kwa nchi maskini. Kutoka mbegu hiyo ilikua misaada ya maendeleo ya Marekani, na katika miaka ya 1960 misaada hiyo iliijenga bandari mpya ya Kisimayu: kisiwa kidogo kilicho mbele ya mji kikaunganishwa na bara kwa tuta, ili meli zipakie ndizi za bonde la Juba gatini. Nguzo za zege zililiwa na maji ya chumvi, na katika miaka ya 1980 Marekani ililipia matengenezo.

Vita vya 1991 viliwakimbiza Wabajuni wengi hadi Mombasa, ambako waliishi katika kambi ya Jomvu hadi ilipofungwa mwaka 1997. Wengine walifika Uingereza na kuomba hifadhi. Huko walikuta tatizo lenye asili ya zamani: ofisa aliyemjua Msomali kwa lugha ya Kisomali alimwona mtu wa Chula anayezungumza Kiswahili cha kaskazini akamdhania Mkenya. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la nchi hiyo lilitoa uamuzi wa mwongozo kuhusu Wabajuni na uwezo wao wa kuzungumza Kisomali. Sauti za waombaji hurekodiwa na kuchambuliwa na wataalamu wa lugha, na kazi za wanaisimu kama Derek Nurse kuhusu Kibajuni zimekuwa na uzito katika vyumba ambamo mtu anaamuliwa kubaki au kurudishwa. Mwombaji huulizwa majina ya visiwa, ya samaki na ya vyombo, naye hujibu kwa Kibajuni.