Sindano ya pepopunda haifungi kizazi

Sokoni hapa Gatete, mama mmoja muuza ndagala, mwenye mimba ya miezi mitano, aliniambia bila kificho: "Mwalimu, ile sindano mimi siendi. Wanasema inafunga kizazi." Habari hiyo, alidai, ililetwa na wafanyabiashara wenzake wa maboti ya Kigoma.

Uvumi huu haukuanza jana. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kuwa chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake wa miaka 15 hadi 49 ilichanganywa na homoni ya kuharibu mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Mashine zilizotumika kuipima zilikuwa za kupimia damu na mkojo wa binadamu, si chanjo. Watu walitiwa shaka pia na dozi tano. Lakini tano ndiyo ratiba ya kawaida kwa mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni: ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, kisha mbili za mwisho, kila moja baada ya mwaka.

Chanjo hii haina kijidudu hai. Kinga ya mama hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto tumboni, naye huzaliwa akiwa nayo. Asiyekuwa nayo, kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu, huacha kunyonya siku chache baadaye, akakakamaa. Burundi ilitangazwa kudhibiti pepopunda ya wazazi na watoto wachanga mwaka 2009, ila kijidudu chenyewe huishi udongoni.

Chanjo ya surua na rubela ni jambo lingine: ina virusi hai waliodhoofishwa, kwa hiyo mwanamke huchanjwa kabla, akasubiri mwezi mmoja ndipo atafute mimba. Na nyinyi mnaodaiwa kadi ya njano mipakani, mwelezeni mganga kama mna mimba kabla ya kuchomwa ile ya homa ya manjano. Tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha, basi afadhali kuimaliza mapema.

Yule mama alifungua fundo la kitenge, akatoa kadi ya kliniki ya Tanzania. Dozi mbili. Alidhani ya ng'ambo haihesabiki huku. Sisi warudi tuna tabia hiyo, hata vyeti vya shule tulivificha. Nikamwambia inahesabika, imebaki ya tatu.

Akauliza kama foleni ya kituoni ni ndefu, maana ndagala mbichi hazisubiri jua.